Ipi hukaa, ipi huwahi: kumbukumbu ya kuugua na kumbukumbu ya chanjo

Jirani yangu wa mtaa wa Mkomani alikuja barazani baada ya Alasiri na maswali mawili. La kwanza ni la mjukuu wake wa miezi minane. Amesikia surua imo bara. Si afadhali mtoto aipate mapema, aimalize, kuliko kupelekwa kuchomwa sindano mara mbili? "Sisi sote twaliiugua, mwalimu, na haijaturudia." La pili ni la mwanawe, baharia aliyepata kazi Jeddah. Kadi yake ya homa ya manjano ni ya mwaka 2012, na kuna mtu amemwambia imekwisha muda wake. Achanje tena au asichanje?

Nimefundisha baiolojia sekondari hapa Lamu miaka mingi, na nimezoea kuyasikia maswali haya yakiulizwa kama swali moja: kinga ipi hudumu? Mimi naona kudumu ni nusu ya jambo. Nusu ya pili, inayoamua zaidi, ni kama kinga hiyo ikiamshwa itawahi. Mtu anayekumbuka uso wa mwizi kwa miaka hamsini, lakini huchukua siku nne kuvaa kanzu na kutoka nje, atakufaa kwa mwizi wa polepole. Kwa mwizi wa mbio atakuta mlango umeshavunjwa.

Walinzi wa mlangoni na wazee wa baraza

Mwili ukishapigana na virusi, iwe kwa kuugua au kwa chanjo, seli nyingi zilizopigana hufa ndani ya wiki chache. Zinazobaki ni chache, na hazifanyi kazi moja.

Kuna seli za plazma. Hizi huhamia ndani ya mifupa, kwenye uboho, zikapata kikao, na kutoka humo humwaga kingamwili, zile protini zinazomnasa adui, usiku na mchana. Seli za jirani humo ubohoni ndizo huzipa ishara ya kuendelea kuishi. Isiyopata kikao hufa. Hadi miaka ya 1990 wataalamu wengi waliamini kwamba seli hizi ni za siku chache tu, mpaka majaribio ya panya yalipoonyesha kuwa zinaweza kuishi karibu maisha yote ya mnyama. Hawa ndio walinzi wa mlangoni. Hawalali, hawangoji kuitwa.

Halafu kuna seli B na seli T za kumbukumbu. Hizi nawaita wazee wa baraza. Hazimwagi kingamwili. Huzunguka katika damu, bandama na zile tezi zinazovimba tukasema mtu ana mtoki, zikitazama wapitao. Seli B ikiuona uso inaoujua, huzaana upesi na kutoa walinzi wapya ndani ya siku chache. Seli T yenyewe huitambua seli ya mwili iliyokwisha kuvamiwa, ikaiua kabla haijageuka kiwanda cha virusi. Na wako wazee wasiozunguka kabisa: hukaa ngozini, mapafuni au utumboni, pale pale walipopigana mara ya kwanza.

Linalonishangaza kila mwaka ninapolifundisha ni kwamba wazee hawa hawahitaji adui abaki mwilini ili wamkumbuke. Huishi kwa ishara za mwili wenyewe, mbili kubwa zikiitwa IL-7 na IL-15, zinazowafanya wajigawe polepole na kuziba nafasi za waliokufa. Watafiti wa Marekani waliwapa watu waliochanjwa homa ya manjano maji yenye haidrojeni nzito, ambayo huacha alama katika seli inayojigawa. Waliona seli T zikijigawa kwa fujo wiki mbili za mwanzo, kisha zikatulia: baadaye zilijigawa chini ya mara moja kwa mwaka.

Tarakimu za muda zipo, na hazifanani. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa watu 45 waliopimwa damu kwa hadi miaka 26. Kingamwili za pepopunda zilikuwa zikipungua kwa nusu kila miaka 11 hivi. Za tetekuwanga, miaka 50. Za surua hesabu ilipita miaka 3,000, maana yake ni kwamba hazikuonekana kushuka. Mwaka 2008 wengine wakapima wazee 32 wenye umri wa miaka 91 hadi 101, waliopitia ile homa kuu ya mafua ya 1918 wakiwa watoto. Seli B za kumbukumbu dhidi ya virusi vile zilikuwapo bado, karibu miaka 90 baadaye.

Mwizi wa polepole, mwizi wa mbio

Sasa linganisha virusi viwili: vya homa ya ini aina ya B, na vya mafua.

Homa ya ini B huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu tangu virusi kuingia mpaka mtu kuugua. Watoto wa Kenya huchanjwa wakiwa wachanga, ndani ya ile sindano yenye chanjo tano pamoja. Kijana aliyechanjwa hivyo akipimwa damu miaka 20 baadaye, mara nyingi kingamwili hazionekani, na hapo ndipo huambiwa na mtu wa maabara kwamba kinga yake imekwisha. Si kweli. Walinzi wameondoka mlangoni, wazee wako barazani. Na kwa kuwa mwizi huyu anatambaa kwa wiki kadhaa, wazee wana muda wa kuamka, kuzaana na kumkamata. Waliofuatiliwa hadi miaka 30 wamebaki wamekingwa, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halipendekezi dozi ya nyongeza kwa mtu mwenye afya aliyemaliza dozi zake. Pesa za kipimo hicho nunulia samaki. Ila ukiwa unafanya kazi hospitalini, unasafishwa damu kwa mashine, au kinga yako ni dhaifu, hapo pima.

Mafua ni kinyume chake. Siku moja hadi nne, umeshalala kitandani. Hata mzee mwenye kumbukumbu kali atafika mlango umeshavunjwa. Korona nayo ni ya siku chache, na kingamwili za puani hupungua ndani ya miezi. Kwa hiyo yule anayesema "nilichanjwa na bado niliugua" hasemi uongo, lakini hitimisho lake ndilo linapotea njia: kumbukumbu ilichelewa kuzuia kuugua, haikuchelewa kuzuia kaburi. Watu waliougua SARS, ndugu yake korona, mwaka 2003 walikutwa na seli T za ugonjwa huo miaka 17 baadaye. Seli hizo hazizuii virusi kuingia; hupunguza uharibifu vikishaingia.

Mafua yana ujanja mwingine: hubadili sura kila msimu, kwa hiyo unakumbuka uso ambao mwenyewe ameshaufanyia vipodozi. Ndiyo sababu chanjo yake hurudiwa kila mwaka. Je, kila mtu airudie? Mzee, mjamzito, mwenye kisukari au pumu, ndiyo. Hao ndio ambao siku nne za kuchelewa zinaweza kuwaua. Kijana mzima wa miaka 25 ana haraka ndogo zaidi.

Anayetibu punda na paka wetu anufaike na mfano wa kichaa cha mbwa. Virusi hivi hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu, kwa kawaida wiki kadhaa hadi miezi. Aliyechanjwa kabla ya kuumwa anahitaji dozi mbili tu baada ya jeraha, siku ya kwanza na baada ya siku tatu, bila ile sindano ghali ya kingamwili za kuazima. Asiyewahi kuchanjwa anahitaji zaidi, na kwa jeraha baya anahitaji kingamwili hizo pia. Tofauti hiyo ni bei ya kuwa na wazee wa baraza.

Surua: kuugua au kuchanjwa

Jirani yangu ana haki kwa jambo moja. Kuugua surua huacha kumbukumbu ya ajabu. Ushahidi wa zamani zaidi unatoka visiwani, na watu wa visiwa tuuelewe vizuri. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe kwa meli, na watu zaidi ya 6,000 kati ya takriban 7,800 wakaugua. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alikwenda nyumba kwa nyumba akagundua kwamba wazee waliougua katika mlipuko wa 1781 hawakuguswa. Miaka 65 katikati, surua haikuwapo visiwani, na bado walikumbuka.

Lakini bei yake? Surua huua watoto, hupofusha, huleta nimonia. Na ina jambo moja ambalo wazazi wetu hawakuweza kulijua. Mlango inaoutumia kuingilia mwilini uko juu ya seli za kinga zenyewe, zikiwemo seli za kumbukumbu. Huingia barazani ikaua wazee. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 ambao hawakuwa wamechanjwa huko Uholanzi, kabla na baada ya surua. Walikuta watoto wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua, anaikumbuka surua maisha, na amesahau sehemu ya mengine aliyojifunza. Takwimu za vifo za nchi kadhaa zinaonyesha usahaulifu huo unaweza kuendelea miaka miwili hadi mitatu. Chanjo ya surua, ingawa ni virusi hai vilivyodhoofishwa, haifanyi hivyo.

Nilipomweleza hayo alinyamaza kidogo. "Ndiyo maana mwana akitoka suruani homa hazimwishi," akasema. Wakongwe walikuwa wameliona jambo, hawakuwa na jina lake tu.

Basi kwa nini dozi mbili, ikiwa kumbukumbu hudumu? Wengi hudhani ya pili inakumbushia. Kwa surua sivyo hasa. Ya miezi tisa huwakuta watoto wengine bado wana kingamwili za mama, ambazo huikamata chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Karibu watoto 85 kati ya 100 huitikia katika umri huo. Ikitolewa miezi 12 huwa karibu 95. Tungengoja basi? Hapana, kwa sababu hapa kwetu ugonjwa unaweza kuwafikia katika hiyo miezi mitatu. Dozi ya miezi 18 ni ya kuwapata waliokosa somo la kwanza. Aliyelipata la kwanza hapotezi chochote.

Magonjwa ambayo hesabu yake ni tofauti

Chikungunya wengine tunaikumbuka bila kusoma. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kitu kinachokunja, na liliandikwa na madaktari baada ya mlipuko wa 1952 upande wa kusini wa Tanganyika. Mwaka 2004 iliingia Lamu. Mvua zilikuwa haba, maji yakawekwa ndani kwenye vyombo visivyofunikwa, na mbu wakafurahi. Uchunguzi wa damu wa Oktoba mwaka huo ulikuta watu watatu kati ya kila wanne kisiwani wameambukizwa. Walimu tulikuwa tukishika chaki kwa mikono miwili. Virusi vya chikungunya havina makundi mengi ya sura, hivyo aliyeugua hutarajiwa kukingwa kwa miaka mingi, lakini wapo waliokaa na maumivu ya viungo miezi na miezi. Waliozaliwa baada ya hapo hawana mzee hata mmoja barazani. Na chanjo yake haimo katika ratiba ya Kenya, kwa hiyo hapa hakuna cha kuchagua isipokuwa kumkatisha mbu. Zile nyumba za mawe zilizofuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu zilijua kazi.

Dengi, homa nyingine ya mbu, ni mbaya zaidi, kwa sababu kumbukumbu yake inaweza kukusaliti. Iko katika aina nne. Ukiugua aina moja umekingwa nayo, lakini ukipata nyingine, kingamwili za zamani zinaweza kuvishika virusi vipya bila kuviua na kuvisindikiza ndani ya seli. Ugonjwa wa pili unaweza kuwa mkali kuliko wa kwanza. Chanjo moja iliyotolewa kwa watoto wengi Ufilipino kuanzia 2016 ilikwama kwenye mwamba huo huo: kwa mtoto ambaye hakuwahi kuugua, ilifanya kazi ya ugonjwa wa kwanza. Asikwambie mtu kwamba kuugua dengi ni "kujichanja".

Tetekuwanga nayo, aliyeugua kwa kawaida hairudii kama tetekuwanga. Lakini virusi havitoki. Hujificha kwenye mizizi ya neva, vikizuiwa na seli T visitoke nje. Uzeeni seli T hizo zikilegea, hutoka kama mkanda wa jeshi, hata kama kingamwili bado ni nyingi. Hapo utaona kwamba mlinzi na mzee wa baraza hawabadilishani kazi.

Chanjo hai, chanjo mfu

Kwa ufupi, chanjo hai huzaliana kidogo ndani yako, kwa hiyo hufundisha idara zote. Chanjo mfu huonyesha picha ya adui tu, na picha mara nyingi huhitaji kurudiwa.

Homa ya manjano ndiyo mfano bora wa hai. Chanjo iitwayo 17D, aliyoitengeneza Max Theiler miaka ya 1930 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1951, ni dozi moja kwa maisha. Kadi zamani iliandikwa miaka kumi. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kadi zote, mpya na za zamani, ni za maisha, na huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Wachache, kama waliochanjwa wakiwa wajawazito au kinga yao ikiwa dhaifu, wanaweza kushauriwa dozi nyingine. Chanjo hai si ya kila mtu: mjamzito na mwenye kinga iliyoshuka sana waulize kwanza, na kwa homa ya manjano hata aliyepita miaka 60 akichanjwa mara ya kwanza.

Polio huonyesha kwamba mahali pa kumbukumbu ni muhimu kama muda wake. Matone ya mdomoni ni hai. Hufika utumboni, virusi vinapozaliana, na kuweka walinzi pale pale. Sindano ni mfu. Hulinda damu na neva, mtoto hapoozi, lakini utumboni haifiki vizuri. Ndiyo sababu ratiba yetu ina vyote viwili. Mzazi akiniuliza achague kipi, humwambia asichague.

Na moja la wanaokwenda Hija, ingawa hili ni la bakteria, si la virusi. Chanjo za homa ya uti wa mgongo ni mbili. Ya zamani ni sukari tupu ya ganda la bakteria. Seli T hazisomi sukari, husoma protini, kwa hiyo seli B hubaki bila msaada na kumbukumbu haijengeki. Ile mpya imeifunga sukari kwenye protini, seli T zikaingia kazini. Saudia huikubali ya kwanza kwa miaka 3, ya pili kwa miaka 5. Kama unapewa nafasi ya kuchagua, chukua ya pili.

Tulivyoamua barazani

Baharia hachanji tena homa ya manjano. Kadi yake ya 2012 imo katika mfuko wa plastiki, na nimemwandikia karatasi yenye ile tarehe ya 2016, maana kwenye dirisha la uwanja wa ndege unaweza kukutana na asiyeijua. Akinuia Umra akiwa huko, achanjwe uti wa mgongo siku kumi kabla. Homa ya ini B, ikiwa alimaliza dozi zake, asilipie nyingine.

Mjukuu ataipata surua ya sindano, ya miezi tisa na ya 18, si ya kuugua. Bibi amekubali, kwa sharti kwamba mama yake ndiye atakayemshika.

Kisha akaukunja mkono wa buibui akanionyesha kovu la mviringo begani, la chanjo ya ndui. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliugua Oktoba 1977 huko Merca, mbele ya pwani hii hii ukielekea Somalia. Mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa kuwa umetoweka. Seli T za chanjo ile zimekutwa kwa watu hadi miaka 75 baada ya kuchanjwa, na zinasaidia kwa kiasi dhidi ya mpox, ndugu yake ndui, iliyoingia Kenya mwaka 2024.

"Kwa hiyo mie nina kinga kuliko wewe," akasema.

Kwa hilo ndiyo, nikamjibu, mimi nilizaliwa baada ya chanjo hiyo kuachwa. Lakini kovu hilo halijui mafua, na yeye ana sukari na miaka 71. Akaniuliza kama chanjo ya mafua nayo ni ya kila mwaka au mpaka kufa. Nikamwambia ya kila mwaka. Akasonya, akachukua vitunguu vyake, akaniuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.